Daktari wa Kujitolea Kutoka Ng'ambo: Nani Ajiandae, na kwa Lipi?

Tangazo la kambi ya madaktari kutoka ng'ambo huwa halifiki kijijini kama lilivyotoka wilayani. Ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya inaandika kwamba kutakuwa na uchunguzi wa macho na upasuaji mdogo kwa siku tano. Kanisani linasomwa kuwa ni matibabu ya bure. Likifika mnadani limeshakuwa "wazungu wanapasua magonjwa yote", na siku ya kwanza wanajitokeza wenye kifafa, wenye kisukari, wenye saratani iliyokomaa na akina mama waliobeba watoto wenye utapiamlo, wote wakimsubiri bingwa wa macho. Huko anakotoka, bingwa huyo naye alikuwa na orodha yake: chanjo, vidonge vya malaria, chandarua, tochi ya kichwani. Kila upande umejiandaa, ila kila mmoja kwa jambo lake.

Ndiyo maana kambi ikishafungwa maswali huwa mengi kuliko majibu. Walikuwa madaktari kamili au wanafunzi? Nani aliwapa ruhusa? Mbona aliyepasuliwa amerudi zahanati na kidonda kinachotoa usaha, na tabibu wa pale hajui alifanyiwa nini? Na kwa nini tupokee wageni ilhali vijana wetu wenye shahada za udaktari wako mtaani wakisubiri ajira? Wengine hujibu kwamba cha bure hakikaguliwi. Wengine wanataka mlango ufungwe kabisa. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, na yote mawili yanaruka jambo moja: maandalizi ya safari ya namna hii ni ya nani hasa.

Nyanungu kama kipimo

Kata ya Nyanungu iko pembezoni mwa Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, mahali ambapo mpaka wa Kenya na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti inakaribiana. Wenyeji wengi ni Wakurya, wakulima na wafugaji. Wana ndugu upande wa Kenya, na wengine ng'ambo ya Mto Mara, katika Wilaya ya Serengeti. Mgonjwa wa hapa hupanda ngazi ile ile ya Watanzania wote: zahanati ya kijiji, kituo cha afya, hospitali ya halmashauri iliyoko Nyamwaga au ile ya Tarime mjini. Akishindikana anapewa rufaa ya Musoma, na akishindikana huko, Bugando, Mwanza. Kila ngazi ina nauli yake, na nauli hiyo mara nyingi ni mbuzi aliyeuzwa kwa haraka.

Nimeichukua Nyanungu kuwa kipimo kwa sababu mahali pa namna hii maandalizi mabovu huonekana upesi. Mjini, kazi iliyoharibika itarekebishwa na hospitali ya mtaa wa pili. Hapa itabaki mikononi mwa tabibu mmoja na muuguzi mmoja ambao hawakuwapo ilipofanyika.

Waliotangulia walikaa

Tiba kutoka ng'ambo si jambo geni katika ukanda huu. Wamisionari wa Kimenoni kutoka Marekani walifika Shirati, ambayo leo iko Wilaya ya Rorya, mwaka 1934, na huduma yao ya tiba ikakua hadi kuwa hospitali inayojulikana Mara nzima. Kanisa hilo hilo la Kimenoni ndilo lililo nyuma ya Hospitali Teule ya Nyerere, Mugumu. Mwaka 1957 wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo ni AMREF. Wachina walituma timu ya kwanza ya madaktari Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968. Timu hizo hubadilishana zamu, lakini huwa hazikatiki. Wa zamu mpya hukabidhiwa wodi na wa zamu ya zamani.

Hao wote, wa dini, wa ndege na wa serikali, walikuwa na kitu ambacho kambi nyingi za leo hazina, nacho ni mwendelezo. Aliyetibiwa na daktari wa Shirati alijua pa kurudi. Sisemi kwamba zamani kila kitu kilikuwa safi. Kati ya 1977 na 1982, kwa mfano, watoto wa Mara Kaskazini waligawiwa klorokwini katika utafiti mkubwa uliotaka kujua kama kuzuia malaria kungepunguza saratani ya Burkitt, inayovimbisha taya za watoto. Baada ya muda malaria yenyewe ilianza kuizoea dawa, na faida ikapungua. Lakini hata hapo wahusika walikuwapo kwa miaka, wakahesabu walichopata na walichokosa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1989. Kambi ya wiki mbili huhesabu waliopasuliwa, ikaondoka kabla ya kuhesabu waliopona.

Hoja ya wanaosema "waje"

Hoja yao ina nguvu kuliko wapinzani wanavyokubali. Yapo magonjwa ambayo tiba yake ni ya mara moja: mtoto wa jicho, ngiri, busha, mdomo sungura. Mzee aliyepofuka kwa mtoto wa jicho hahitaji daktari wa kudumu kijijini. Anahitaji mpasuaji mzuri kwa muda usiofika hata saa moja, na matone ya macho kwa wiki chache baadaye. Mabingwa wa kazi hizo wamejaa Dar es Salaam, Mwanza na Moshi. Kumwambia mzee wa Nyanungu asubiri mfumo ukamilike ni sawa na kumwambia afe kipofu.

Na Serikali yenyewe imeshaikubali mantiki hii. Mei 2024 ulianzishwa mpango wa Madaktari Bingwa wa Rais Samia, ambao uliwapeleka mabingwa wa uzazi, watoto, upasuaji, magonjwa ya ndani na usingizi katika halmashauri zote 184, kwa siku tano kila moja. Anayesema siku tano hazifai kitu basi aseme hivyo kwa kambi zetu wenyewe pia. Tofauti ni kwamba bingwa aliyetoka Bugando amesajiliwa hapa, anaandika kwenye faili lile lile, anazungumza lugha ya mgonjwa, na namba yake ya simu inapatikana Jumatatu inayofuata.

Udhaifu wa hoja hii uko kwenye uchaguzi wa ugonjwa. Kambi huleta kile anachokijua mgeni, hailetwi na kile kinachoua wenyeji. Kinachoua zaidi vijijini ni malaria ya watoto, nimonia, mama kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, mtoto mchanga kushindwa kupumua. Haya hayapangiwi tarehe. Mama wa Nyanungu anatokwa damu saa nane usiku mwezi wa nne, mvua ikinyesha na bodaboda zimekwama, na wakati huo mkunga wa kujitolea alishaondoka tangu Februari.

Hoja ya wanaosema "wasije"

Wanaopinga hupenda kuanza na Jinja, Uganda, na wana sababu. Mmarekani Renee Bach, asiye na mafunzo ya udaktari wala uuguzi, aliendesha huko kituo cha watoto wenye utapiamlo. Kati ya 2010 na 2015 walipokelewa watoto zaidi ya 900, na zaidi ya 100 kati yao walifariki. Mwaka 2019 akina mama wawili walimfikisha mahakamani wakisaidiwa na taasisi ya sheria. Yeye alikana kujifanya daktari, na waliomtetea walisema watoto hao waliletwa wakiwa mahututi. Shauri likaisha mwaka 2020 kwa makubaliano ya malipo, bila kukiri kosa. Hata ukimpa mtetezi wake kila neno, swali linabaki: huko kwao nani angemruhusu mtu asiye na leseni kuweka kitanda kimoja cha wagonjwa?

Mfano wa pili ni Haiti. Baada ya tetemeko la Januari 2010 timu za tiba zilimiminika bila utaratibu, nyingine zikipasua na kukata viungo bila kumbukumbu wala mpango wa kumwuguza mgonjwa baadaye. Ilibidi Shirika la Afya Duniani litoe viwango vya timu za dharura mwaka 2013: timu ijitambulishe daraja lake, ijitegemee kwa maji, umeme na chakula, na itunze kumbukumbu za wagonjwa. Oktoba 2010 kipindupindu kikaingia nchini humo kutoka kwenye kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, kikaua karibu watu 10,000. Hao hawakuwa madaktari. Lakini wanaotazama chanjo na vipimo vya msafiri kuwa ni kinga yake binafsi waikumbuke Haiti.

Kisha kuna suala la vifaa. Uchunguzi uliokusanya orodha za vifaa vya hospitali katika nchi maskini 16, uliochapishwa 2011, ulikuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Vifaa vya msaada huchangia mzigo huo. Mashine ya umeme wa volti 110 inaletwa kwenye nchi ya volti 230, au inakuja bila vipuri na bila fundi aliyefundishwa. Dawa nazo huja zikiwa zimebakiza miezi michache, na kuziteketeza ni gharama ya mwenyeji.

Hoja yao ya ajira, hata hivyo, ndiyo inayopigiwa makofi zaidi na ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni kweli Tanzania ina upungufu wa watumishi wa afya na wakati huo huo ina wahitimu wasio na kazi. Machi 2017, madaktari wa Kenya walipotoka kwenye mgomo wa siku 100, Rais Magufuli alikubali kupeleka huko madaktari 500. Mahakama ya Kenya ilipozuia, akaagiza waliokuwa wameomba, 258, waajiriwe hapa hapa. Tukio hilo lilionyesha wazi kwamba kinachomweka daktari mtaani ni kibali cha ajira na bajeti ya mishahara. Ukimfungia mlango mgeni wa wiki mbili, mshahara wake hauendi kwa kijana wa Tarime, kwa sababu mshahara huo haukuwepo.

Wanapopatia ni kwenye gharama iliyofichika. Kambi ya siku tano huchukua wauguzi wa wodi, mkalimani, gari la halmashauri na chumba cha upasuaji. Siku hizo mama anayehitaji kupasuliwa ili ajifungue anasubiri wapi?

Njia ya kati, na bei yake

Kuna wanaosema dawa ni ubia: mgeni aje kufundisha, na aje tena na tena mahali pale pale. Mifano ipo na inatia moyo. Watoto wa Kitanzania wenye matundu ya moyo walikuwa wakipelekwa Israel na shirika la Save a Child's Heart. Shirika hilo likamfundisha huko Dkt. Godwin Godfrey kwa miaka, akarudi kuwa mpasuaji wa moyo wa watoto, na leo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inafanya kazi hiyo Dar es Salaam. Timu za nje bado zinakuja kwa wiki moja moja, lakini zinamkuta mwenyeji mwenye mgonjwa wake, orodha yake na wodi yake. Kwa mdomo sungura, shirika la Smile Train lilianzishwa mwaka 1999 likiwa na wazo la kumlipia na kumfundisha mpasuaji wa nchi husika badala ya kusafirisha timu nzima kwa ndege.

CCBRT ilipita njia nyingine kabisa, nami naiona ndiyo yenye akili kuliko zote. Hospitali hiyo ya Dar es Salaam iligundua kwamba wanawake wenye fistula hawafiki kwa kukosa nauli, ingawa matibabu ni bure. Kuanzia 2009 ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa kupitia mabalozi wa vijijini wanaowatambua wagonjwa. Bingwa alibaki penye chumba cha upasuaji kilichokamilika, mgonjwa ndiye aliyesafiri. Halmashauri inayofikiria kambi ingejiuliza kwanza kama fedha hiyo haitoshi kuwasafirisha wagonjwa 40 hadi Mwanza na kuwarudisha.

Ubia nao una bei. Ni wa taratibu, haupigwi picha nzuri, na matunda yake huishia mjini. Daktari aliyefundishwa upasuaji wa moyo hatahamia Nyanungu, wala hatakiwi. Kwa hiyo anayeusifu ubia asidhani amemjibu yule mzee wa mtoto wa jicho.

Sheria inasemaje

Hapa mkanganyiko ni mkubwa ingawa maandishi yako wazi. Daktari yeyote wa kigeni anatakiwa kuwa na usajili wa muda kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017. Muuguzi na mkunga wanasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya sheria ya 2010. Mabaraza hutaka vyeti, leseni hai na barua ya mwenendo mwema kutoka baraza la nchi atokayo, na barua hiyo huchukua muda, kwa hiyo mwombaji aanze miezi kadhaa mapema. Kutolipwa mshahara hakumwondoi mtu kwenye sheria ya uhamiaji. Viza ya utalii si ruhusa ya kutibu. Dawa na vifaa tiba vinahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada iwe na angalau mwaka mmoja wa uhai inapofika. Picha ya mgonjwa ni taarifa binafsi inayolindwa na sheria ya mwaka 2022. Kidole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza si ridhaa.

Mwanafunzi wa udaktari anaweza kuja kujifunza. Afanye kile ambacho angeruhusiwa kufanya kwao, chini ya msimamizi. Hilo halina mjadala, na halmashauri inayolegeza hapa haina wa kumlaumu.

Mwili wa anayekuja

Mara iko Kanda ya Ziwa, na malaria ya Kanda ya Ziwa haina mzaha, kwa hiyo vidonge vya kinga vinamezwa bila kuruka siku. Chanjo ya homa ya ini ya B huchukua takriban miezi sita kukamilika kwa dozi tatu, na mpasuaji asiyeikamilisha angebaki kwao. Wengi hupitia Nairobi na kuvuka Sirari. Kwa kuwa Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, cheti kinaweza kudaiwa mpakani. Karibu na hifadhi kuna ndorobo na malale. Ziwani kuna kichocho. Anayechomwa sindano yenye damu anatakiwa aanze dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ndani ya saa 72 na kuendelea nazo siku 28, kwa hiyo ajue kabla ya kuanza kazi zinapatikana kituo gani. Na tangu Marburg ilipotangazwa Kagera, Machi 2023 na tena Januari 2025, timu yoyote inayokuja ukanda huu bila mpango wa kumtenga mgonjwa mwenye homa na kutokwa damu haijajiandaa.

Kuhusu ujuzi, Madaktari Wasio na Mipaka, walioanza 1971, kwa kawaida hutaka angalau miaka miwili ya kazi baada ya masomo, na safari ya kwanza ya miezi 9 hadi 12. Wapasuaji na madaktari wa usingizi huruhusiwa muda mfupi zaidi. Kigezo hicho si cha urasimu. Daktari aliyezoea kuagiza picha ya CT kabla ya kuamua atakaa kimya mbele ya tumbo lililovimba palipo na mashine ya ultrasaundi tu, au hata isipokuwepo. Asome mwongozo wa tiba wa taifa kabla ya kupanda ndege, ajue dawa zipi zinapatikana Bohari ya Dawa. Cheti chenye jina la dawa isiyopatikana Tarime hakina tofauti na karatasi tupu.

Yasiyo kwenye orodha ya safari

Chukua mfano wa PF3. Tarime ina historia ya wizi wa mifugo na mapigano ya koo, kiasi cha kuwa na mkoa wake wa kipolisi, Tarime-Rorya. Anayefika na jeraha la panga hutibiwa dharura yake, lakini fomu ya polisi namba tatu lazima ijazwe, na sehemu ya daktari hujazwa na aliyemtibu. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mshitakiwa ana haki ya kutaka daktari huyo aitwe mahakamani ahojiwe. Sasa fikiria PF3 imejazwa na daktari wa kujitolea kutoka Uingereza au Ujerumani. Kesi inasikilizwa baada ya mwaka. Shahidi hayupo, anwani haipo, na mwandiko wake haujulikani na yeyote hospitalini. Jeraha lilishonwa vizuri sana, na haki ikapotea. Suluhisho ni dogo: mgeni asiguse PF3 peke yake; tabibu wa kituo amchunguze mgonjwa pamoja naye na ajaze yeye. Sijaona mwongozo wa safari unaomwambia mgeni hivyo.

Au chukua Desemba. Shule zinafungwa, wageni wengi wana likizo ya Krismasi, na kwa Wakurya huo ndio msimu wa tohara, pale wazee wa mila, inchama, wanapokuwa wameutangaza mwaka. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, na wapo waliojenga maisha yao juu ya vita hiyo, kama kituo cha Masanga huko Tarime na nyumba salama za Rhobi Samwelly, Mugumu na Butiama. Lakini kisu kinavuka mpaka. Msichana anaweza kuletwa kambini akiwa ametokwa damu, akisindikizwa na shangazi anayesema ni hedhi, na shangazi huyo huyo ndiye mkalimani. Daktari wa kigeni atatibu upungufu wa damu na kumruhusu. Muuguzi mwenyeji angemtoa shangazi nje kwanza, angemwita afisa ustawi wa jamii, angejua namba ya Dawati la Jinsia na Watoto. Hakuna semina ya wiki moja kabla ya safari itakayomfundisha mgeni kuusoma uso wa binti huyo. Inayowezekana ni kumfundisha kwamba asimwone bila muuguzi.

Lipo na la ardhi. Vijiji vya upande huu vimevutana kwa miaka na hifadhi kuhusu mipaka. Gari geni lenye watu wanaopima nyumba kwa GPS ili "kuorodhesha kaya" litatafsiriwa kwa namna ambayo mgeni hakuikusudia. Mwenyekiti wa kijiji apewe taarifa mapema, na taarifa hiyo itolewe kwenye mkutano wa hadhara.

Na Mtanzania anayekwenda kwingine

Maswali haya yanageuka pia. Wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, 2014 na 2015, Umoja wa Afrika ulipeleka mamia ya wahudumu wa afya wa kujitolea kutoka nchi za Afrika, wakiwemo wa Afrika Mashariki. Africa CDC, kituo cha umoja huo cha kudhibiti magonjwa, sasa ina kikosi cha kudumu cha wahudumu wa namna hiyo. Muuguzi wa Tarime anayeomba nafasi kule Kongo ana utajiri ambao mwenzake wa Ulaya hana: Kiswahili, uzoefu wa kufanya kazi vifaa vikiwa pungufu, na mazoea ya magonjwa yenyewe. Asije akadhani hilo linamtosha. Kivu si Mara. Huko naye ni mgeni, atahitaji leseni ya huko, bima ya kumwondoa akiugua, na mwenyeji wa kumkabidhi mgonjwa. Tena aage kwa maandishi kituoni kwake, maana kujitolea ng'ambo kusiiache wodi ya nyumbani na pengo.

Mizani

Ukiziweka hoja zote pamoja, tatizo halimo kwenye ufupi wa muda wala rangi ya daktari. Limo kwenye makabidhiano. Upasuaji wa jicho uliofanywa na mgeni kwa siku tano, kisha muuguzi wa macho wa wilaya akaachiwa faili, dawa na namba ya simu, ni tiba. Upasuaji ule ule bila faili ni bahati nasibu. Kwa hiyo naukataa msimamo wa kufunga mlango, na ule wa kupokea kila anayebisha hodi naukataa kwa nguvu zaidi. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema waungwana. Lakini mwenyeji ndiye anayejua anaumwa wapi.

Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya. Ombi la kujitolea lianzie kwenye mpango wa afya wa halmashauri: halmashauri iseme inataka daktari wa usingizi kwa miezi mitatu Nyamwaga, au fundi wa mashine za oksijeni, na anayeomba kuleta kisichotakiwa aambiwe asante. Upasuaji ufanyike hospitalini na si kwenye darasa la shule, hata kama mgonjwa atalazimika kulipiwa nauli. Na kila mgonjwa atoke na karatasi ya Kiswahili inayosema alifanyiwa nini, anatumia dawa gani, na arudi lini kwa nani.

Mgeni anayeona masharti hayo ni mazito atafute mahali pengine pa kwenda. Mtaalamu anayeijua kazi yake ndiye atakayeyauliza kwanza. Na kamati za zahanati za vijiji, ambazo mara nyingi huitwa kuandaa viti na kivuli tu, zina haki ya kuiuliza halmashauri jina la mtumishi atakayebaki na wagonjwa kambi ikifungwa. Zidai jina hilo kwa maandishi, kabla tarehe ya kambi haijatangazwa.